Yule mvulana wa katuni ni mimi: siku moja maishani mwangu, Lamu

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeshaswali, nakunywa maji ya uvuguvugu yenye ndimu, na sijasema neno na mtu. Mamangu keshazoea, wala hanilaumu. Sauti ya alfajiri ni nzito, bado imelala chini kifuani, na leo naihitaji vivyo hivyo. Kuna bibi kobe wa katuni mwenye mistari kumi na minne ya kusema, na nikianza kuamkua watu atanitoka.

Kazi yangu ni kutia sauti katuni za televisheni. Zinakuja zimeshachorwa na kusemwa kwa Kiingereza, nami nazisemesha Kiswahili. Hapa mtaani Langoni wengi wanajua nina "kazi ya kompyuta". Wanaojua zaidi wanasema nalipwa kwa kuchezea sauti, na neno hilo huniuma, ndiyo maana naandika.

Studio yangu ni chumba cha ndani kabisa cha nyumba aliyoiacha nyanya. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, kelele za nje hazipenyi kwa urahisi. Shida ni kwamba na sauti ya ndani haitoki, inagonga ukuta na kurudi. Kwa hiyo zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nimezijaza nguo, nimesimamisha magodoro mawili, na mlangoni linaning'inia blanketi. Feni haiwashwi. Navua bangili na vipuli, navaa deraa la pamba kwa sababu kitambaa cha buibui huchakacha, na maiki yangu husikia kila kitu. Husikia hata tumbo likinguruma, basi mahamri na mbaazi haviwezi kungoja. Mwezi wa Ramadhani narekodi usiku baada ya tarawehe, maana kinywa kikavu hutoa vijisauti kila ulimi ukigusa kaakaa.

Kufikia saa mbili bibi kobe amemalizika.

Saa tatu mwongozaji anapiga kutoka Nairobi. Picha tunaitazama sote wawili, yeye kule na mimi huku, na maelezo yake nayasikia kwenye hedifoni. Leo yupo na mteja mwenyewe kwenye laini. Kwa kawaida hayupo.

Sasa mimi ni mvulana wa miaka saba. Watu hushangaa kwa nini asitafutwe mtoto. Mtoto wa kweli huchoka upesi, na akibaleghe sauti inavunjika katikati ya mfululizo. Sauti ya mwanamke haina safari hiyo. Nancy Cartwright wa Marekani amekuwa Bart Simpson tangu mwaka 1987, na Bart bado ni mtoto wa miaka kumi. Sauti hii haitoki kwa kubana koo. Ukibana utapata dakika kumi halafu kikohozi. Mimi naipandisha hadi nyuma ya pua na kutabasamu kidogo, hata mvulana akiwa na huzuni, kwa kuwa tabasamu huing'arisha sauti.

Kurasa sita za mwanzo zimekwenda kama maji. Kisha ukurasa wa saba.

Mvulana anamkimbilia mbuzi wake aliyekaribia kisima, anageuka, anapaza: "Stop!" Neno moja, mdomo unafunguka mara moja na kufungwa na ile p. Skripti yangu inasema "Simama!", silabi tatu. Ukiitamka yote, mvulana ameshafunga mdomo nawe ungali kwenye "ma". Huu ndio mtihani wa Kiswahili katika kazi hii. Kiingereza kina maneno mafupi na hupenda kufunga kinywa mwishoni. Yetu ni marefu na huishia kwenye irabu, kinywa wazi. "No" inakuwa "Hapana", "Run" inakuwa "Kimbia". Tena m, b na p hazifichiki: midomo ikigusana kwenye picha, sharti igusane na kwenye sauti, la sivyo hata mtoto wa chekechea atahisi kuna kitu hakikukaa sawa.

Nilikuwa nimeliona tatizo tangu jana usiku, nikaandaa maneno. "Koma!" Mteja akasema hilo ni tusi. Si tusi, ila ni kali, nikamkubalia. "Ngoja!" Akasema mvulana anaonekana hana haraka. "Acha!" Aache nini? Turudi kwenye "Simama", basi, ila niiharakishe. Nikaiharakisha, akasema haisikiki. Nikaipunguza mwendo, mdomo ukapitwa. Mara ya tisa niongeze utoto. Mara ya kumi na mbili nipunguze utoto. Mara ya kumi na tano nikaipata kwa namna ninayoijua mwenyewe, na papo hapo punda akalia chini ya dirisha la ukumbi.

Wageni huniambia Lamu hakuna magari, bila shaka ni kimya. Punda ndiye gari letu, na akilia vichochoro vyote vinapokea. Nikatoka hadi dakani, kwenye baraza ya mlango wa nje.

"Mwanangu, niondolee huyu mnyama hapo, nina kazi."

"Shangazi, nashusha mifuko minane tu ya saruji, naenda zangu."

Mifuko minane. Nikarudi kungoja. Mteja akauliza kama siwezi kumfuta punda kwa kompyuta. Mvumo unaokwenda sawasawa, kama wa friji, unaweza kuupunguza. Punda aliyelia juu ya neno amelila neno, hakuna cha kufuta. Nikamweleza kwa adabu, na mwongozaji, Mungu ambariki, akaniunga mkono.

Mara ya ishirini na mbili umeme ukakatika.

Nikakaa gizani, blanketi mlangoni, jasho likinitiririka mgongoni. Nikairudia picha kichwani, maana kwenye skrini haikuwepo tena. Ndipo nikaiona. Kabla ya kugeuka, mvulana ametupa mgongo kwa kitambo kidogo, na mgongo hauna mdomo. "Sima" naweza kuisema pale. Ikibaki "ma" peke yake, midomo imegusana, inafunguka mara moja, kisha inajifunga baada ya sauti kwisha. Umeme uliporudi nikawaomba wasiseme lolote, wanipe tu picha. Teki moja.

"Hiyo ndiyo," mteja akasema. "Mbona hukufanya hivyo tangu mwanzo?"

Sikumjibu. Nalipwa kwa kipindi, silipwi kwa saa. Asubuhi nzima ile imetoka kwangu, na malipo yenyewe hukaa miezi ndipo yaingie kwenye simu.

Adhuhuri hapana anayerekodi. Adhana moja haijakwisha, nyingine imeipokea, mji wa kale misikiti yake imekaribiana. Nikaswali, nikala wali na samaki, nikalala chali sakafuni bila kusema.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Jioni ni zamu ya miguno: kuanguka, kuhema, kupaliwa, kulia, kupiga ukelele. Hii huwekwa mwisho siku zote kwa sababu ukishaifanya huna tena sauti safi ya kusemea. Nikitaka mvulana aanguke najisukuma ngumi tumboni ili pumzi itoke yenyewe, na leo ameanguka mara kumi na moja. Kulia ndiko kunakochosha kuliko yote. Kwikwi za uongo haziaminiki, nikitaka zisikike inanibidi niwe na huzuni kweli, nayo huzuni haiondoki mara moja maiki ikizimwa.

Magharibi mamangu akanitazama, akasema, "Mwanangu, mchezo huu utauacha lini?" Nikamwandikia kwenye karatasi, maana koo lilishaomba ruhusa, habari ya June Foray wa Marekani, aliyepata tuzo ya Emmy mwaka 2012 akiwa na miaka 94, kwa kazi hii hii. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye msahafu wake.

Baada ya isha sisemi kabisa. Wanangu wanajua nikigonga meza mara mbili ni chakula, mara tatu ni kulala. Nakaa na kompyuta kusafisha sauti za mchana, na ni hapo niliposikia. Ukurasa wa kumi na nne, mvulana anamwambia mbuzi: "Fungua mato!"

Mato, si macho. Hakuna aliyelisikia, wote tulikuwa tumechoka. Ni Kiamu kilichonitoka chenyewe, lugha niliyolelewa nayo. Mshairi Mwana Kupona alimwusia bintiye kwa utenzi wa lugha ya visiwa hivi mwaka 1858, na kwenye katuni za watoto wetu haina nafasi, mkataba unataka sanifu. Nikapasha sauti taratibu kwa dakika kumi, nikavua tena bangili, nikarekodi "Fungua macho" mara mbili na kutuma faili zote kabla bando halijaisha.

Ile ya "mato" sikuifuta. Nimeihifadhi kwenye folda yangu pamoja na nyingine sita.