Nilivyochagua ukuta wa kupanda London, na swali la baba mdogo

Kwenye kliniki ya mifupa ninapofanya kazi, kaskazini mwa London, Jumatatu ni siku ya vifundo vya miguu. Waliocheza mpira wikendi, waliokosea ngazi, waliotoka disko na viatu virefu, wote wanakuja na picha zao za eksirei. Kati yao, mara kwa mara, anakuwepo mtu aliyeanguka kwenye ukuta wa kupanda wa ndani, yaani ukuta wenye vishikizo ambao watu wanaupanda kwa mchezo, kama mwamba. Hao walinishangaza. Mguu umefungwa plasta, lakini swali lao la kwanza ni lini watarudi ukutani.

Mgonjwa mmoja mama, mwenye umri kama wangu, ndiye aliyenitia hamu. Aliniambia kwamba akiwa ukutani hawezi kuwaza kazi wala deni, kwa sababu akili yote iko kwenye kidole gumba cha mguu. Mimi nilikuwa nimemaliza msimu wa pili wa baridi nikitoka kazini gizani na kurudi nyumbani gizani, mgongo umekaza kwa kuinua wagonjwa. Jimu ya kukimbia mahali pamoja nilishailipia na kuiacha mara mbili. Nikasema, acha nijaribu.

Kumbe London ina kuta nyingi mno. Nilianza kama wanavyoanza wengi, kwa kuangalia picha na kutafuta ukuta mkubwa na mrefu kuliko zote. Jumapili moja nikavuka jiji kwenda Westway, chini kabisa ya barabara ya juu ya A40, magharibi. Ni mahali pazuri kweli: kuta ndefu, watu wanapanda kwa kamba na magari yanapita juu ya vichwa vyao. Lakini kutoka kwangu Wood Green nilipanda treni mbili, karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Niliporudi nyumbani nilijua kwamba Jumatano, nikitoka zamu ya muda wa saa kumi na mbili na nusu, sitakwenda huko hata iweje. Hapo nikajiwekea kipimo changu cha kwanza: ukuta ni ule ninaoweza kuufikia nikiwa nimechoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mile End, kando ya mfereji wa Regent's, kwenye jengo la zamani ambalo watu wa upandaji wa London wanalisema kwa mapenzi. Pale ndipo nilipoielewa tofauti kubwa kati ya aina mbili za upandaji, ambayo mtu anayeanza aijue kabla ya kulipa ada ya mwezi.

Aina ya kwanza ni kupanda bila kamba, kwenye kuta fupi za mita nne hivi, magodoro mazito yakiwa yametandikwa chini. Vijana wanaipenda, na ninaelewa kwa nini: huhitaji mwenzako, huhitaji kozi ndefu, unakodi viatu na unaanza. Ila kila ukikosea unaanguka hadi chini. Godoro linapunguza kishindo, haliondoi. Wale wa Jumatatu wengi wao ni wa aina hii: ametua mguu mmoja, au ametua ukingoni mwa godoro, au amenyoosha mkono nyuma ili ajikinge, ukavunjika kiwiko. Sisemi ni mchezo mbaya. Nasema mimi nina miaka 44, nina kilo 81, na kazi yangu ni ya kusimama. Kifundo changu kikiondoka, na kodi ya nyumba imeondoka.

Aina ya pili ni kamba. Unavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, unajifunga fundo la namba nane, kamba inapanda hadi juu ya ukuta, inazunguka bomba na kushuka kwa mwenzako aliyesimama chini. Yeye anaipitisha kwenye kifaa kilichofungwa mbele ya mkanda wake. Ukipiga hatua, anavuta ulegevu. Ukiteleza, kifaa kinabana kamba na unabaki unaning'inia pale pale. Mkono wake ulio upande wa chini wa kifaa hauiachii kamba hata sekunde moja, wala kwa salamu, wala kwa simu.

Niliamua: kamba. Nikafikiri nimemaliza kuchagua.

Jioni ile nikampigia baba mdogo, Marangu. Alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro tangu ujanani mpaka magoti yalipokataa. Nikamweleza yote, kuta, bei, treni. Akasikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Sawa mwanangu. Na hiyo kamba anashika nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekagua majengo matatu na sikuwa nimemfikiria mtu hata mmoja.

Vituo vingine vina mashine juu ya ukuta inayovuta kamba yenyewe na kukushusha taratibu ukiachia. Kwa mtu wa zamu asiye na mwenzi ni msaada mkubwa, na nilizitumia kwa wiki tatu. Hatari yake ni moja na ni ya kibinadamu: mtu kusahau kujifunga kabla ya kuanza kupanda. Ndiyo maana chini ya kila mashine huwekwa kitambaa kikubwa cha rangi kali kinachoziba mwanzo wa njia. Nilijizoesha kuivuta karabina, ile pete ya chuma inayounganisha mkanda na kamba, kwa nguvu mara mbili na kusema kwa sauti, "Nimefunga." Watu walinitazama. Niliendelea kusema.

Katika kutafuta huko nilipita pia kituo kimoja ambacho sitakitaja. Saa moja jioni kilijaa hadi watu walikaa magodoroni wakizungumza, chini ya wanaopanda. Maelezo ya usalama yalikuwa video fupi, kisha kijana wa mapokezi akaondoka. Nilimuuliza swali ambalo sasa namwuliza kila mtu wa kituo: mpandaji akiwa mzito kuliko mshika kamba, mnafanyaje? Akasema haijawahi kuwa shida. Nikavua viatu vya kukodi nikaondoka, kwa sababu ni shida, tena inajulikana. Mzito akianguka, mwepesi anainuliwa kutoka sakafuni na anaweza kugongwa ukutani. Zipo njia za kuzuia: mfuko wa mchanga unaofungwa kwenye mkanda wa mshikaji, kuizungusha kamba mara mbili kwenye bomba la juu ili msuguano uongezeke, au kumtafutia mpandaji mshikaji anayelingana naye. Kituo kinachojua kazi yake kinazitaja bila kufikiri.

Mwenzi nilimpata kazini. Kuna muuguzi mwenzangu kutoka Kisumu, mwembamba, tumekula chakula cha usiku pamoja miaka minne. Nilipomwomba akacheka kwanza, halafu akasema, "Dada, mimi juu siendi. Lakini kamba nitakushikia." Nikamwambia hilo ndilo hasa ninalotafuta. Sasa swali likabadilika kabisa: sio ukuta gani mzuri, bali ni wapi sisi wawili, mmoja mzito na mmoja mwoga, tutafundishwa vizuri na kufika wote kwa urahisi.

Jibu lilikuwa vituo viwili tu vya treni kutoka kwangu. Ukishuka Manor House na kutembea Green Lanes unaona ngome yenye minara, kama ya wafalme wa Scotland. Ni The Castle. Haikuwa ngome kamwe. Ilijengwa miaka ya 1850 na kampuni ya maji ya New River, kwa ramani ya mhandisi William Chadwell Mylne, kuwa kituo cha kusukuma maji. Zilikuwa zama za kipindupindu London, na sheria ya mwaka 1852 iliyalazimisha makampuni kuchuja maji ya kunywa. Mnara mmoja ulikuwa bomba la moshi. Tangu 1995 ndani yake wanapanda watu. Kwangu mimi muuguzi, kujua kwamba kuta zile ziliinuliwa ili watoto wanywe maji safi kuliongeza heshima. Niligusa tofali za nje kabla ya kuingia.

Tulichukua kozi ya wanaoanza. Mwalimu alitutazama mara moja, akaanza na suala la uzito kabla sijauliza. Hapo nilitulia. Alimfundisha mwenzangu kusimama karibu na ukuta, mguu mmoja mbele, na kushika, kushika, kushika. Baadaye, ili turuhusiwe kupanda wenyewe, ilibidi tuonyeshe mbele ya mfanyakazi kwamba tunaweza kuvaa mkanda, kufunga fundo na kushika kamba. Mara ya kwanza mwenzangu alishindwa, mkono wa chini uliachia kidogo. Walimrudisha kufanya mazoezi. Nilifurahi mno kwamba walimrudisha.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Rangi za njia, zinazoonyesha ugumu wake, zinatofautiana: kijani ya kituo kimoja si kijani ya kingine, usijione umeshuka daraja. Viatu vinabana na vinapaswa kubana, ila kama kucha zinauma wakati umesimama tu, omba namba nyingine. Chaki tunayopaka mikononi ili isiteleze inakausha ngozi, na kwa sisi tunaonawa mikono kutwa nzima inaleta michaniko. Na mchaniko kwenye mkono wa muuguzi ni mlango wa maambukizi. Nanawa mara tu nikimaliza, napaka mafuta ya nazi, na kidole kilichochubuka nakifunga plasta au sipandi. Baada ya zamu ya usiku sipandi kabisa, wala simshikii mtu kamba. Nenda pia asubuhi ya siku ya kazi ukiweza. Kiingilio mara nyingi ni nafuu zaidi, kuta ziko wazi, na utakuta wastaafu wanaopanda taratibu, bila papara, miguu ikitangulia mikono. Nimejifunza kwao zaidi kuliko kwa vijana wa jioni.

Mwezi uliopita, tukiwa bustanini nyuma ya jengo, nilimpigia baba mdogo simu ya video. Nilimwonyesha minara, nikamwonyesha mwenzangu, wakasalimiana. "Wewe ndiye unayeshika?" akamuuliza. "Ndiyo, baba." Akanyamaza kidogo akimtazama. Kisha akaniambia nisogeze simu karibu na mkanda, alione fundo. Alilitazama muda mrefu, uso umejaa kwenye kioo.

"Lifungue," akasema. "Sasa lifunge tena, polepole, nione."