Vyetezo 40 vya Msimu wa Vuli

Novemba 1998, wiki chache kabla ya Ramadhani, mwenye duka la vifaa vya harusi Darajani, mjini Unguja, aliniagiza vyetezo 40, vile vyombo vya udongo vya kufukizia udi. Ilikuwa oda yangu ya kwanza ambayo haikupitia kwa mama, na bei niliitaja palepale: shilingi 300 kimoja.

Hesabu nilikuwa nayo kichwani. Udongo, gari moja la ng'ombe, 1,500. Kuni na makumbi 2,000. Usafiri hadi mjini 1,300. Kazi ya watu wawili, mimi na mdogo wangu, siku 6 kwa 500 kila mmoja, 6,000. Jumla 10,800. Kila chetezo kingenigharimu 270 na kunibakizia 30. Nilipomweleza mama, aliniuliza jambo moja tu: "Umegawa kwa vingapi, mwanangu?" Nikamwambia 40. Hakusema kitu, akaendelea kukuna nazi. Kesho yake akaenda msibani, asirudi kwa siku kadhaa.

Udongo wa kufinyangia huanikwa kwanza, ukapondwa, ukachekechwa, ndipo ukalowekwa siku mbili na kukandwa kwa miguu mpaka usibaki na mawe wala mizizi. Udongo mtupu haufai. Hunywea mno ukikauka, na kwenye moto mvuke hukosa pa kutokea. Kwa hiyo huchanganywa na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa: pishi 4 za udongo kwa pishi 1 ya vigae. Chembe ziwe kama chenga za mchele, zisiwe unga. Kigae kimekwisha kuuona moto, hakinywei tena, na pembeni mwa kila chembe mvuke hupata kinjia. Kutwanga pishi moja kunakula asubuhi nzima na mikono hutoka malengelenge. Mimi nilikuwa na haraka. Nikachota mchanga wa pwani.

Chetezo ni kazi ndogo yenye taabu kubwa, kuliko chungu cha kupikia. Chungu ni ukuta mmoja unaozunguka. Chetezo kina mguu, shingo na kikombe, na kila sehemu hufinyangwa peke yake, ikaachwa ikaze kidogo kabla ya kuunganishwa. Pale pa kuungia hukwaruzwa pande zote mbili, hupakwa uji wa udongo, kisha husukwa kipande chembamba cha kuzungushia na kubanwa kwa kidole. Ukiunga sehemu iliyokauka na iliyo mbichi, ile mbichi itanywea peke yake na shingo itakatika hata kabla ya moto. Baada ya hapo hukwanguliwa kwa ganda la kombe ili unene uwe sawa, na husuguliwa kwa kokoto laini mpaka uso uteleze.

Shingoni ndipo palipo na unene, na ndipo maji hujificha. Watu wengi husema chombo hupasuka motoni kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani ya udongo. Si hewa, ni maji. Maji yakigeuka mvuke kwa ghafla hutafuta upenyo, usipoupata huulazimisha ukuta. Kiangazi, vyetezo hukauka kivulini kwa siku 7 au 8. Wakati wa vuli, hewa yenyewe ikiwa imeloa, siku 12 si nyingi. Mimi nilivipa siku 5.

Mama alirudi jioni ya kuamkia siku ya kuchoma. Alichukua kimoja kimoja akaibandika shingo ya chombo shavuni mwake. Chombo kikavu shavuni huwa na joto la kawaida. Chenye maji huwa baridi kama kimetoka mtungini. "Hiki bado. Na hiki bado." Alivitenga zaidi ya kumi. Nikamwambia mwenye duka ananisubiri. Hakunikataza. Alisema tu tuviotee moto kwa muda mrefu, basi asubuhi tukavipanga midomo chini kuzunguka moto mdogo, tukivigeuza, kama saa moja na nusu hivi. Baadaye tulitandika kuni na makumbi, tukavipanga juu yake vikiegemeana, tukafunika kwa makumbi na makuti makavu. Mama aliwasha upande ambao upepo unaelekea, ili moto utambae polepole ukipingana na upepo. Ukiuwasha upande upepo unakotoka, unaruka wote kwa pamoja na vyombo havipati nafasi ya kuzoea.

Mlio wa kwanza ulitoka kabla hata makuti hayajaisha kuungua. Chombo kikipasuka motoni hutoa sauti nzito, na vipande vyake hugonga vya jirani. Tulihesabu milio tukiwa tumekaa mbali. Tuliacha majivu yapoe yenyewe hadi alasiri, maana chombo cha moto kikipigwa na upepo hupata ufa mwembamba kama unywele. Kisha kila kimoja tuligonga kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Vilivyopasuka au kupata ufa vilikuwa 9.

Nilitaka kupeleka 31 kesho yake. Mama alikataa, na hapo alikuwa mkali: viwekwe ubarazani siku 5. Siku ya tatu niliona kwa nini. Mchanga wa pwani yetu umejaa vipande vya makombe, na kombe likichomwa huwa chokaa. Chokaa hiyo hunyonya unyevu wa hewa, ikavimba, ikabandua uso wa chombo. Vyetezo 4 vilikuwa na vishimo, na katikati ya kila kishimo nukta nyeupe. Laiti vingefikia dukani, vingeumbuka mbele ya mteja.

Nilipeleka 27 kwa bei niliyoitaja, kwa kuwa bei ikishatajwa imetajwa. Nikapokea 8,100. Pungufu ya gharama kwa 2,700, yaani siku karibu tatu za kazi yetu sote wawili.

Barabara ile ya mjini ndiyo aliyopita Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, na vyungu vilivyofinyangwa na mama yake kichwani, akivinadi kwa sauti iliyokuja kumpeleka Bombay kurekodi mwaka 1928. Wanaosimulia maisha yake husimulia sauti. Mimi huwaza pia yule mama aliyebaki nyumbani na moto, na vyungu vyake ambavyo havikufika sokoni.

Usiku ule mama alinipeleka jikoni na kibatari, akanionyesha ukuta nilioudhania umechorwa na watoto. Ni mistari ya mkaa, safu mbili mbili: vilivyoingia motoni, na chini yake vilivyotoka vizima. Miaka kadhaa ya mioto ilikuwa pale, vyungu upande mmoja, vyetezo upande wa pili. Kwa vyetezo, katika kila 5 hufa 1. "Basi 40 si 40," akasema. "Ni 32." Tukagawa upya: 10,800 kwa 32 ni 337 na senti 50. Bei ya chini 400. Na anayetaka kupelekewa 40, afinyangiwe 50.

Karakana yangu ya sasa ina daftari badala ya ukuta, lakini safu ni zile zile mbili, na bei hutoka kwenye safu ya chini.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa kibatari tulikaa kwenye kinu. Vile 9 tulivitenga na vile 4, maana chokaa haisamehe mara ya pili. Lakini vile 9 navyo, mama alivipasua kimoja kimoja akakagua kwa ndani, na kila chenye nukta nyeupe akakitupa shimoni. Kilichobaki hakikujaza kibaba. Akanisogezea mtwangio, akaniletea gae la mtungi wa bibi uliovunjika zamani, nikaanza kutwanga.