Baki Irudi Sandukuni

Juzi jioni binti yangu alikuwa mezani na daftari la hesabu. Saba gawanya kwa mbili. Akaandika tatu, baki moja, halafu akainua kichwa: "Mama, hii baki huwa inakwenda wapi?"

Nilikuwa nakoroga uji. Nilizima jiko nikakaa.

Nilikumbuka kile chumba changu cha Kireka, Kampala. Aprili 2020, wakati wa korona, kafyu inaanza saa moja jioni, magari ya watu yamezuiwa, boda haziruhusiwi kubeba abiria ila mizigo. Kompyuta ya ofisi niliikimbiza nyumbani siku moja kabla ya barabara kufungwa. Kazi niliyopewa ilikuwa kuhamisha skripti zote za majaribio, yaani zile zinazohakiki kama programu inatoa majibu sahihi, za programu yetu ya vikundi vya akiba, kutoka Python 2 kwenda Python 3, matoleo mawili ya lugha moja ya kuandikia programu. Tulikuwa tumechelewa mno. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na tulionywa miaka mingi mapema kwamba ile ya 2 haitahudumiwa tena kuanzia tarehe 1 Januari 2020. Ofisi ikangoja mpaka maji yakafika shingoni. Toleo la mwisho kabisa la lugha ile ya zamani, 2.7.18, lilitoka tarehe 20 mwezi huohuo, mimi nikiwa bado nahangaika na skripti zake.

Skripti ziliandikwa na mwenzetu wa kazi tuliyemwita Mzee. Alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliotangulia, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza.

Sehemu kubwa ilikwenda haraka. Kulikuwa na chombo kilichoitwa 2to3 kilichopita katika faili na kubadilisha yale yanayojulikana: print inapata mabano yake, xrange inakuwa range, has_key inaondoka. Majaribio yaliyosalia mekundu, yaani yaliyofeli, niliyashughulikia kwa mkono, na hapo ndipo nilipoanza tabia ambayo hadi leo inaniuma. Jaribio likisema linatarajia namba hii na programu ikatoa nyingine, nilibadilisha tarajio. Niliona programu ndiyo inayotumika, jaribio ni karatasi tu ya zamani. Rangi ya kijani, ya jaribio lililofaulu, ina utamu wake, hasa usiku, bando likikaribia kwisha.

Usiku ninaousimulia mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka sisikii redio ya jirani. Lilikuwa limebaki jaribio moja jekundu katika faili ya mgao. Wanachama saba, faida shilingi 100,000. Mzee alitarajia kila mmoja apate 14,285 na baki iwe 5. Programu ikaleta 14,285.714 na mkia mrefu wa tarakimu. Baki ikasema 0.0.

Sababu niliijua. Katika Python 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima kwa mkwaju mmoja (/), jibu ni namba nzima na desimali zinaachwa. Katika Python 3 mkwaju uleule unaleta desimali zote. Na 2to3 haikuugusa, kwa sababu haikuweza kujua kama mwandishi alikusudia namba nzima au desimali. Kompyuta ilikuwa imewagawia watu saba shilingi yote mpaka vipande visivyoshikika mkononi, kisha ikaripoti kwamba hakuna kilichosalia.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nifute 5, niandike 0, nilale. Nikasogeza faili juu kidogo nione jina la jaribio, na juu yake palikuwa na mstari mmoja wa maelezo. Faili nzima maelezo yake ni ya Kiingereza. Ule tu ulikuwa wa Kiswahili: "baki irudi sandukuni".

Sijui nilikaa muda gani nikiuangalia mstari ule. Nilisikia sauti yake kabisa, ile ya kukwaruza, akiongea nami Kiswahili kwa kuwa sote wawili tulikuwa watoto wa mpakani. Nikampigia mama, Busia. Mama ni mwenye ufunguo katika kikundi chao cha sokoni. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Akadhani kuna msiba.

"Hapana, mama. Watu saba wakigawana laki moja, mnafanyaje?"

Akanyamaza akipiga hesabu. "Kila mtu elfu kumi na nne, mia mbili na hamsini. Chini ya hamsini sarafu utaitoa wapi?"

"Na inayobaki?"

"Mia mbili na hamsini inarudi sandukuni. Inatangazwa kwa sauti, wote wanaikariri mpaka mkutano ujao. Mwanangu, hiyo ndiyo inayoleta fujo kuliko mgao wenyewe. Mtu hagombani kwa pesa aliyoiona. Anagombana kwa ile ambayo hakuambiwa ilipo."

Nikaweka mkwaju wa pili (//) katika programu, ili iendelee kugawa kwa namba nzima. Tarajio la Mzee sikuligusa. Ningekuwa nimekadiria kwenda juu, 14,286 kwa kila mtu, jumla ingefika 100,002, shilingi mbili ambazo hakuna mwanachama aliyeziweka. Jaribio likawa kijani saa sita kasoro.

Lakini usingizi haukuja, kwa sababu ya yale mengine. Asubuhi nilipitia historia ya faili zote nikitafuta namba nilizozibadilisha. Zilikuwa nne. Tatu nilizielewa, nikazirudisha kama Mzee alivyoziacha, nikasahihisha programu badala yake.

Jaribio la nne lilihusu kukadiria nusu. Python 2 ikikadiria 2.5 inatoa 3. Python 3 huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo inatoa 2. Mzee alikuwa ameandika 3. Sikuona maelezo, ya Kiingereza wala ya Kiswahili, na jina la jaribio halikusema ni nusu ya nini: wiki za kuchelewa, hisa, au adhabu. Labda ile 3 aliichagua kwa ajili ya mtu fulani aliyemfikiria. Labda lugha ndiyo iliyompa, naye akaipokea. Niliuliza ofisini, hakuna aliyejua. Nilitafuta siku mbili, kisha muda wa kukabidhi ukafika.

Binti yangu alikuwa bado ananisubiri na penseli yake. Nikamwambia ampigie bibi yake. Kule kwenye ile programu niliiacha 2.