Nilivyoweka hard disk mpya kwenye kompyuta ya nyumbani, na kwa nini niliipima kwanza

Kompyuta yetu ya nyumbani hapa Nyakato, Mwanza, ilishajaa kabisa, ile C, sehemu kuu ya kuhifadhia, ilikuwa nyekundu na ukiwasha tu inakwambia nafasi hakuna. Humo ndani kuna picha zote za familia, kuna rekodi za kwaya yetu maana mimi ndo mtunzaji, na kuna video alizopiga mzee wetu kwenye kivuko cha Busisi miaka ile tukienda Sengerema kabla ya daraja, na hizo video hazipo sehemu nyingine yoyote, mzee alishatangulia na simu aliyopigia ilishakufa zamani. Kwa hiyo kufuta halikuwa jambo la kujadili, nikaamua kutafuta hard disk ya nje ya terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja.

Nikazunguka mjini, Makoroboi na maduka ya mtaa wa Rwagasore. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Utakuta diski mbili zimepangwa pamoja, moja imeandikwa terabaiti moja, nyingine terabaiti kumi na sita, halafu hiyo kumi na sita ndo ya bei ya chini. Iacheni jamani. Zile feki ndani yake kuna kakadi ka memori tu ka gigabaiti chache, ila chipu imechezewa iidanganye kompyuta kwamba nafasi ni kubwa, na zingine wanaziwekea mpaka vipande vya chuma ili ukiishika uione ina uzito. Ukikopi mafaili unaona majina yote yamekaa vizuri, huna wasiwasi wowote, kumbe nafasi ya kweli ikishaisha yanayofuata yanaandikwa juu ya yale ya mwanzo au yanapotea moja kwa moja, na utajua siku unataka kufungua picha ya harusi haifunguki.

Nikamwambia muuzaji, "Kaka, hii naichukua ila naenda kuipima nyumbani, ikikataa nairudisha." Akasema, "Hamna shida dada, njoo na boksi lake na risiti." Nikamwomba aandike hayo maneno kwenye risiti kabisa, akaandika. Mimi naona muuzaji akigoma kuandika hilo, toka nenda duka lingine.

Nilichukua ile ndogo ya inchi 2.5 makusudi, kwa sababu inakula umeme kwa waya wa USB huohuo kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta iko kwenye UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, wakati zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya kuchomeka ukutani na kwetu umeme ukikatika na yenyewe inazimika ghafla. Nyumbani nikachomeka nyuma ya kompyuta kwenye poti ya bluu. Kwa kawaida bluu ni USB 3.0, inaenda mpaka gigabiti 5 kwa sekunde, nyeusi za zamani ni megabiti 480. Na poti za mbele kwenye kompyuta nyingi umeme wake unakuwa hafifu, ukisikia diski inatoa sauti ya tik tik haiamki, hamishia nyuma kwanza kabla hujasema mbovu.

Ikasoma gigabaiti 931. Mdogo wangu akashtuka akasema dada umepigwa. Hapana, iko hivyo, kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, kwa hiyo baiti trilioni moja zinasomeka 931. Ingesoma 500 ndo ningerudi dukani. Na kama yako haionekani kabisa usikate tamaa, bonyeza kulia pale Start, fungua Disk Management, mara nyingi ipo ila haijaandaliwa, ukiulizwa mtindo wa kuigawa chagua GPT halafu itengenezee nafasi.

Kufomati, yaani kuchagua diski ipange mafaili kwa mtindo gani, ndo kuna mjadala. FAT32 nimeikataa kwa sababu haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4 na video ya harusi ya kaka inapita hapo. Wengi wanashauri exFAT kwa sababu Mac na Windows zote zinaandika humo, na ni kweli, ukiwa unatembea na diski kwenye mashine za watu chukua hiyo. Mimi nimechagua NTFS. Hii ina daftari lake la ndani inapoandika kila badiliko la mpangilio kabla ya kulifanya, umeme ukikatika katikati inajua pa kurudia, exFAT haina kitu hicho, na kwa umeme wetu huu mimi hilo ndo nimelipa uzito kuliko vyote. Mac itasoma tu bila kuandika, kwetu hakuna mwenye Mac. Nikaipa jina FAMILIA na herufi M ili isiwe inabadilikabadilika kila nikichomeka fleshi.

Sasa kabla sijaweka hata picha moja nikaipima. Kuna kiprogramu cha bure cha Wajerumani kinaitwa H2testw, kinaijaza diski yote mafaili ya gigabaiti moja moja halafu kinayasoma upya kuhakikisha kilichoandikwa ndo kilichosomwa. Nilianza asubuhi kikamaliza alasiri, kwenye poti nyeusi ingekesha. Kompyuta ilikuwa kwenye UPS na umeme ulicheza kidogo mchana lakini haikuzimika. Matokeo yakaja safi bila kosa, nilifurahi sana aisee, nikafuta yale mafaili ya kupimia ndo nikaanza kazi yenyewe.

Kuhamisha nilifanya kwa kukopi, sio kukata, maana ukikata na umeme ukaondoka katikati utakaa unajiuliza nini kimefika na nini hakijafika. Kila folda ikimaliza nalinganisha kwenye Properties, idadi ya mafaili na baiti huku na huku, halafu nafungua machache ya katikati na ya mwisho. Video za mzee nilifungua zote nikaangalia mpaka mwisho. Zile fleshi za zamani za kwaya nilizipitisha kwanza kwenye antivairasi, mbili zilikuwa na ile vairasi inayoficha mafolda na kukuwekea shotikati, ukiona hivyo usibonyeze shotikati, safisha halafu washa kuonyesha vilivyofichwa, mara nyingi mafolda yako yapo palepale.

Nyaraka za kila siku nimewashia File History, ipo kwenye Control Panel, yenyewe kila saa inakopi mabadiliko kwenda M ilimradi diski imechomekwa. Kuchomoa ni mpaka nibonyeze Eject na taa iache kuwaka, na watoto wameambiwa wasiisogeze ikiwa inazunguka.

Picha na video muhimu bado sijazifuta kwenye kompyuta, nilichofuta ni vile vya kupakua tena na mafilamu, C imepumua. Natafuta diski ya pili, hiyo itakaa kwa dada Sengerema, siku hizi ni kupita darajani tu, na nikienda kusalimia naongeza vipya naiacha hukohuko.