Ramani ya Nyumba ya Familia: Anzia Uani

Ukimwomba mwenye kiwanja kipya Wakiso au Mukono, karibu na Kampala, Uganda, akuchoree nyumba anayoiwaza, ataanza na sebule. Kisha veranda yenye nguzo, kisha paa lenye vichwa vinne la kuonekana kutoka barabarani. Jiko litabanwa kwenye kona iliyobaki, na karo la majitaka halitachorwa kabisa. Litachimbwa popote fundi atakapokuta udongo laini. Nyumba nyingi zinazowasumbua wenyewe ziliharibikia hapo, kwenye karatasi, kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Mimi nashauri uanzie uani. Kazi za nyumba hufanyika nyuma: kumenya matoke, kufua, kuosha vyombo, kuanika, kumwaga maji machafu. Kazi hizo zinahusu maji, moshi na mteremko, na hivyo vitatu havihamishiki baadaye. Sebule unaweza kuisogeza mita moja bila kumdhuru mtu. Bomba la choo halipandi kilima.

Kiwanja kwanza. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, sawa na desimali 11.5 hivi (desimali ni sehemu moja ya mia ya ekari), ingawa mara nyingi hutajwa kama 12. Usichore kwa vipimo vya muuzaji. Mwite mpima ardhi aonyeshe mawe ya mpaka, kisha pima mwenyewe pande zote nne, maana ploti nyingi zina upande mmoja mfupi kuliko mwenzake. Kama una kibanja kwenye ardhi ya mailo, yaani unakaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, maliza mazungumzo na mwenye ardhi kabla ya kumlipa mchoraji. Na usidanganyike kwamba kijijini hakuna sheria ya mipango: Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda yote kuwa eneo la mipango, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inadai kibali cha ujenzi. Nenda ofisi ya mipango ya wilaya au mji ukiwa bado na penseli, uulize umbali wa kuacha kutoka barabarani na kwa jirani. Aliye karibu na Ziwa Victoria aulize pia kuhusu mita 200 za ukingo wa ziwa ambazo kanuni za mazingira zinazilinda.

Sasa tuhesabu upana. Mita 15.24 ukitoa kuta mbili za uzio za sentimita 20 inabaki 14.84. Upande mmoja acha mita 1.5, ipite mkokoteni na maji ya paa yaangukie kwako. Upande wa pili acha 2.8, kwa sababu uani kutahitaji kufikiwa: mchanga, tangi la maji, mpira wa gari la kunyonya karo. Imebaki mita 10.5 ya nyumba. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kugawa 10.5 yote vyumba. Ukuta wa nje wa tofali zima, pamoja na plasta pande zote mbili, unakula sentimita 26. Wa ndani wa nusu tofali unakula 15. Ukikata nyumba kwa upana utavuka kuta mbili za nje na mbili za ndani: sentimita 82. Nafasi halisi ni mita 9.68, yaani chumba cha 3.6, korido ya 1.2 na sebule ya 4.88 upande wa pili. Mchoro uliosahau kuta hukatia kwenye korido, na korido ya sentimita 80 haipitishi kitanda wala godoro la sita kwa sita.

Kwa urefu, acha mita 7 mbele. Gari linachukua 2.5 kwa 5, lakini linahitaji kama mita 6 za kurudi nyuma na kugeuka, la sivyo kila asubuhi mtatoka kinyumenyume barabarani. Nyuma acha 5. Kati yake kuna mita 18, na si lazima uzijaze. Nyumba ya 10.5 kwa 13, mita za mraba 136, inatosha vyumba vinne vya kulala vilivyopangwa vizuri.

Turudi uani. Kila familia ninayoijua inahitaji majiko mawili, na ramani nyingi zina moja. La ndani ni la gesi na chai, mita 3 kwa 3.6: kaunta ya kina cha sentimita 60 na kimo cha 85 hadi 90, nafasi ya 1.2 kati ya kaunta na kaunta, sinki chini ya dirisha linalotazama uani ili mpishi aone watoto. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta, kwenye kibanda chenye matundu chini, kwa sababu gesi hiyo ni nzito na huzama. La pili ni la sigiri, yaani jiko la makaa, na kuni. Matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba hukaa motoni saa nyingi, na maharagwe vilevile. Hakuna atakayeyapikia gesi kila siku. Lisipochorwa, sigiri itaingizwa kwenye jiko la ndani au korido mvua ikinyesha, na hewa yenye sumu ya makaa haionekani wala hainuki. Lichore la mita 2.4 kwa 3, kuta za pande mbili zikiwa na matundu kuanzia kimo cha kifua, na uliunganishe na mlango wa nyuma kwa paa la mita mbili ili sufuria isivuke mvua. Kabla ya kuliweka, simama kiwanjani mchana na jioni uone upepo unatoka wapi. Moshi usipulizwe kwenye madirisha ya vyumba.

Mbele ya jiko hilo chora sakafu ya saruji ya mita 2 kwa 2.5 yenye bomba na mfereji wake. Ndiyo sehemu itakayotumika kuliko veranda yote ya mbele. Karibu nayo iwe stoo ya 1.5 kwa 1.8, inayofunguka kutoka jikoni. Gunia la makaa likae nje.

Kisha majitaka. Tafuta upande wa chini wa kiwanja na uweke karo huko, angalau mita 3 kutoka ukutani. Mimi napenda 4 au 5. Kwa watu wanane, karo la vyumba viwili lenye kina cha maji cha mita 1.5, upana wa 1 na urefu wa 2.5 linatosha: ujazo ni mita za ujazo 3.75. Bomba la inchi 4 lishuke mita 1 kwa kila 40. Likitembea mita 12, linashuka sentimita 30, na mwanzo wake tayari uko chini ya sakafu ya choo. Ndiyo maana bafu la chumba kikuu likiwekwa kona ya mbali, upande wa juu, karo hulazimika kwenda chini sana, au fundi hupunguza mteremko na choo huziba kila mwezi. Panga vyoo na bafu vishirikiane ukuta mmoja wa mabomba, na jiko lisiwe mbali nao. Kila bomba linapokata kona weka chemba, yaani shimo dogo la ukaguzi, na chemba isiangukie ndani ya nyumba utakapoongeza chumba. Kisima na shimo la kufyonza majitaka vinahitaji mita 30 kati yao. Ploti yote ina 30.48, kwa hiyo kwenye ploti hii chagua kimoja, na umwangalie pia jirani mwenye kisima.

Maji ya mvua nayo yapate nafasi kwenye ramani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 140 kwenye mvua ya milimita 20 linapokea lita 2,800, na ukitoa zinazopotea utapata kama 2,300. Tangi la lita 5,000 hujaa kwa mvua kubwa mbili na kidogo. Likijaa lina tani 5, kwa hiyo lisikae juu ya karo wala kwenye udongo wa kujaziwa. Angalia na kimo. Tangi lenye kimo cha mita 2.2 juu ya kiti cha sentimita 40 linafika 2.6. Ukuta wa mita 2.85 juu ya msingi wa sentimita 30 unafika 3.15, lakini paa la nyuzi 20 lililotoka nje sentimita 75 linashuka 27, na gata, yaani mfereji wa paa, liko chini yake. Imebaki kama sentimita 20 za mteremko wa bomba. Fundi akipunguza mistari mitatu ya tofali kukuokolea pesa, maji hayaingii kwenye tangi.

Jua la kwetu lina tabia yake, na michoro iliyopakuliwa kutoka nchi za mbali haiijui. Uganda inapitiwa na ikweta: Juni jua la adhuhuri limeegemea kaskazini, Desemba limeegemea kusini, na mara zote mbili liko juu sana. Paa lililotoka sentimita 75 linautia kivuli ukuta wa kaskazini au kusini kama mita 1.7 adhuhuri. Ukuta wa magharibi hakuna paa litakalousaidia, maana saa kumi jioni jua huingia limelala. Kwa hiyo, upande wa magharibi weka bafu, stoo na ngazi. Mabafu yatakauka vizuri pia. Vyumba vya kulala viende mashariki, au kaskazini na kusini kama barabara imekuruhusu. Gulu na Arua, kwenye joto la kaskazini, usilegeze hata kidogo kuhusu hilo. Kabale au Kapchorwa ni kinyume: baridi ya jioni inafanya jua la magharibi sebuleni liwe zawadi, lipokee.

Madirisha yafikie angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na kila chumba kiwe nayo kwenye kuta mbili ikiwezekana. Chora wavu wa mbu tangu mwanzo, na uzibe nafasi kati ya ukuta na bati, kwani mbu wa malaria hupenda kupita hapo.

Vyumba usivipime kwa macho. Chukua karatasi ya miraba, mita 1 iwe sentimita 2, ukate vipande vya fanicha: kitanda cha sita kwa sita ni sentimita 3.7 kwa 3.8, kabati kina chake ni 1.2. Vipange, kisha chora milango ikiwa wazi. Utaona mara moja kwa nini chumba kikuu kinataka 3.6 kwa 4.2, na kwa nini chumba cha watoto cha 3 kwa 3 chenye mlango katikati ya ukuta hakiingii vitanda viwili. Sogeza mlango kwenye kona na tatizo limeisha.

Chumba cha wageni ndicho ninachokipigania zaidi baada ya jiko. Kiwe karibu na mlango wa mbele, 3 kwa 3.3, na bafu lake la 1.2 kwa 2.4. Kwa Waganda wa Buganda, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kutokaribiana. Ukimlazimisha mgeni wa namna hiyo kutumia korido na bafu moja na wenye nyumba, hatalala usiku wa pili. Bibi na babu nao watakuja kutibiwa au kupumzika. Mlango wa sentimita 90 na sakafu isiyo na ngazi vitawatosha bila kumbeba mtu. Sebule nayo ifikiriwe kwa siku za msiba na za harusi: mlango mpana wa kwenda veranda ni bora kuliko mita mbili zaidi za sakafu.

Kwa nyumba ya Waislamu, kumbuka kwamba kutoka Uganda kibla kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Bakuli la choo lichorwe likitazama mashariki au magharibi, na bomba la udhu liwe nje ya chumba cha choo. Kugeuza bakuli baada ya vigae kupangwa ni kazi ya nyundo.

Paa liwe rahisi. Kila bonde ambapo mapaa mawili yanakutana hukusanya majani, na hapo ndipo bati huvuja kwanza. Mstatili wenye paa la miteremko miwili hauna bonde hata moja. Kama pesa zinakuja kwa awamu, gawa ramani kwenye ukuta, mgongo wa paa ukiendelea moja kwa moja: kwanza vyumba viwili vya nyuma, jiko na bafu, baadaye mbele. Hapo tena kuanzia uani kunalipa, kwa sababu mtahamia mkiwa na maji na choo. Unayewaza ghorofa ya baadaye, mhandisi apime nguzo na msingi sasa, na uache 2.2 kwa 4.2 ya ngazi, itumike kama stoo hadi siku hiyo. Magharibi, kuelekea Fort Portal na Kasese, ambako tetemeko la 1966 liliua watu, mkanda wa zege wenye nondo uzunguke kuta zote bila kukatika, hata kwa nyumba ya chini.

Kabla ya kuchimba, pigilia vigingi na kamba ardhini kwa ukubwa halisi. Kwa 10.5 kwa 13, pima kona kwa kona: pande zote mbili zisome mita 16.71, zisiposoma nyumba imepinda. Kisha weka viti ndani ya kamba za sebule, beba ndoo kutoka kwenye alama ya bomba hadi kwenye alama ya sigiri, na urudi saa kumi jioni uone jua linagusa chumba gani. Kamba inahamishwa kwa dakika moja.