Mtu wa Goma

Mei 2021 tulilala Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Volkano ya Nyiragongo, iliyo juu ya mji wetu wa Goma, ililipuka usiku wa Jumamosi tarehe 22, lava ikateketeza nyumba upande wa Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege, nasi tukadhani yamekwisha. Wapi! Ardhi iliendelea kutikisika, barabara zikapasuka, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akatangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame mara moja, maana magma ilikuwa imeingia chini ya mji na chini ya ziwa. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda boti za Bukavu. Sisi tulishika njia ya Sake, magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma.

Makanisa na mashule yalijaa. Mama mkwe akaona kibonde kidogo nyuma ya ua, kina majani, upepo haufiki. Kwa mtu aliyetembea tangu asubuhi, palikuwa pazuri kweli. Mimi nikakataa. Yaani nilijaribu, mbele ya mama mkwe hukatai hivi hivi, unakohoa kwanza, unazunguka.

"Mama, pale chini panaweza kuwa na mazuku."

"Baba Furaha, mazuku iko Bulengo. Hapa watu wanalima."

Nikamweleza. Ni kaboni dioksidi inayopenya kwenye nyufa za ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni kama maji, haina rangi wala harufu. Hatari yake ni usiku na alfajiri, upepo ukitulia. Jua likipanda hupungua. Mbuzi hufa kabla ya mchungaji, mtoto kabla ya mama yake, kwa sababu ya kimo tu. Alinisikiliza kwa adabu huku anatandika kitenge.

Nikatoa simu. Mega zilikuwa zinaelekea kwisha, ila nilitaka mtu mkubwa, profesa, anisaidie kusema. Matokeo yaliyotangulia yalikuwa ya Kifaransa, tena ya ziwa: kwamba Kivu ina kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni dioksidi na 60 za methani, kwamba Ziwa Nyos la Kameruni lilitema gesi mwaka 1986 ikaua watu zaidi ya 1,700. Nani amsomee mama mkwe habari hizo, yuko palepale kando ya Kivu? Nikapita.

Chini kabisa kulikuwa na maandishi ya Kiswahili, bila jina la mwandishi. "Ukikuta ndege na wadudu wamekufa mahali pamoja, usiiname kuwatazama." Nikasema, huyu anajua kazi. Nikaendelea hadi kwa mzee wa Mugunga aliyeshuka shimoni na kibatari, moto ukazimika ulipofika usawa wa magoti yake.

Mzee huyo namjua. Nilikaa naye mimi, nikiwa mwanafunzi, na hakukubali niwashe kinasa sauti kabla hajamaliza chai yake. Maandishi yale yalikuwa karatasi niliyokiandikia kikundi cha vijana wa mtaa, tukaigawa sokoni, basi.

Wengine wangefurahi. Mimi nilishikwa na hasira. Nilikuwa natafuta anayenizidi, nikaangukia kwangu mwenyewe! Na mapengo yake nayajua: hatukuwa na kipimo cha gesi, tulikuwa na vibatari na maneno ya wazee. Wataalamu wa volkano wameandika mengi na mazuri, lakini kwa lugha ambazo mama mkwe hazisomi.

Mega zisije zikaisha bure, nikasoma kwa sauti. Majirani wakasogea. Yalikuwa yale yale niliyotoka kuyasema, ila sasa yalitoka kwenye simu. Mama mkwe akaacha kutandika.

"Nani ameandika?"

"Mtu wa Goma, mama."

Mke wangu, ambaye ile karatasi aliikunja kwa mikono yake siku tulipoigawa, akageukia ukutani mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Huyo anajua," mama akasema. "Si kama watu wa kubahatisha."

Akabeba godoro lake mwenyewe hadi barazani mwa shule, penye upepo wa kuudhi, nasi nyuma yake, na familia nyingine mbili zilizokuwa zimeanza kushukia kibonde kile. Tulipokwisha kujibana wote, akaniita tena.

"Baba Furaha, huyo mtu wako anasema maji ya kunywa tutayapata wapi?"

Nikapitisha kidole hadi mwisho, kana kwamba sijui. Hilo hakuliandika.