Umeniletea majina

"Umeniletea majina, mwanangu. Hujaniletea hata tundu moja."

Baba Mdogo aliyasema hayo Jumapili, barazani kwake Kibao, Mufindi, anamenya njegere, wala hakuinua macho. Leo ni Ijumaa. Katikati hapo wakaguzi wameingia ofisini na kutoka, dada amejifungua mtoto wa kike Iringa, wote wazima, Mungu ni mwema, na kiwanda kimelala kutwa nzima kwa kukosa umeme. Yote yamepita. Maneno yale ndiyo yamebaki. Nayasikia nikijumlisha mita za ujazo za mbao, nayasikia nikikoroga uji wa watoto.

Mnaonisoma siku zote mnajua safari ya kibali cha bunduki ilivyokuwa: serikali ya mtaa, kata, polisi, kamati, kusubiri, kurudi, kusubiri tena. Kilipotoka nikaanza kazi niliyokuwa naingojea muda wote huo, yaani kuchagua. Nataka bunduki ya shabaha, ya risasi ndogo ya 22 Long Rifle, iliyotoka kiwandani ikiwa tayari inapiga pale ninapolenga, kwa hela ya mhasibu wa mbao mwenye watoto shuleni na mama wa kumtunza. Sina hela ya bunduki ya kutengenezewa na fundi. Zile za Anschütz za Ujerumani wanazoshikilia watu kwenye Olimpiki nazipenda kwa macho tu, bei yake ni ya gari.

Kwa hiyo nilisoma. Usiku baada ya watoto kulala, Baba Watoto anakoroma, mimi nasoma. Nikaandika karatasi mbili kwa mkono, kwa sababu Baba Mdogo hapendi kusoma kwenye simu. Juu kabisa niliweka CZ 457, ya Jamhuri ya Cheki. Ya pili Tikka T1x ya Finland, iliyotoka mwaka 2018. Ya tatu Savage Mark II, inayotengenezwa Lakefield kule Kanada, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote tatu na mtutu wake unasifiwa na watu ambao hawana sababu ya kuusifu. Chini nikaandika ambazo nimeziacha na kwa nini. Ruger 10/22, ambayo dunia nzima inaijua tangu 1964, niliiacha kwa sababu inajipakia yenyewe. Bunduki inayojipakia inahitaji chemba, yaani pale risasi inapokaa, yenye nafasi kidogo ili risasi ziingie na maganda yatoke bila kukwama hata kukiwa na uchafu, na nafasi ile hula usahihi. Ya bolti, lile komeo la chuma, unaifunga kwa mkono, chemba yake inaweza kubana, risasi inakaa palepale kila mara. Kwa mtu mwenye hela kidogo anayetaka matundu ya risasi yakae pamoja kwenye shabaha, bolti ndiyo jibu, na hapo sina ubishi na mtu.

Nimefika, shikamoo, marahaba, habari za Mafinga, chai. Kisha nikampa karatasi. Akaziweka juu ya kigoda, chini ya kikombe ili upepo usizichukue, akaendelea na njegere zake.

"Ipi inapiga vizuri?"

"Ya Kicheki, Baba. Halafu ya Kifini. Ya Kanada ndiyo nafuu."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma. Nimelinganisha."

"Umelinganisha kwa risasi gani?"

Nikamtajia.

"Na hizo utazipata wapi?"

Nikamwambia nitauliza kwa yule muuzaji wa Dar, mwenye leseni, aliyesema anaweza kuagiza bunduki. Baba Mdogo akatikisa kichwa kidogo. Ndipo akasema yale ya majina na tundu. Halafu akamwita Mama Mdogo aje achukue njegere, na mazungumzo yakahamia kwa mtoto wa dada, ambaye siku hiyo alikuwa bado tumboni.

Kilichoniuma sio kwamba alinipinga. Nimezoea, yeye ndiye aliyenifundisha kushika pumzi na kugusa triga kwa ncha ya kidole nikiwa darasa la saba, na hajawahi kunisifu mbele ya mtu. Kiliniuma kwamba hakuzisoma. Karatasi mbili, mwandiko wangu mzuri, vipimo nimevigeuza kuwa milimita kwa ajili yake. Zikakaa chini ya kikombe.

Tena majina si maneno matupu. Bunduki yake mwenyewe ni BRNO namba 2, ya Chekoslovakia ya zamani, aliyoinunua kihalali kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao. Mbao ya kitako imekuwa nyeusi pale shavu linapolala. CZ 457 ni mjukuu wa bunduki ile. Kutoka BRNO ikaja 452, ikaja 455, ikaja 457, na kila kizazi wamerekebisha kitu: hii ya sasa mkono wa bolti unainuka nyuzi 60 tu badala ya 90, na triga yake unairekebisha mwenyewe. Nilipoandika CZ juu ya karatasi nilikuwa naiandika bunduki yake. Nilitaka aone hilo bila mimi kumwambia. Siku nzima ya Jumatatu nilikuwa nalijenga jibu ambalo sikumpa: Baba, jina zuri ni matundu ya watu wengine, wameyapiga miaka mingi, wakayapima, wakasema. Jibu zuri kabisa. Limekuja siku moja baadaye, kama mvua ya Mei.

Lakini swali lake la risasi nimekaa nalo pia, kwa sababu lina mfupa ndani.

Risasi hizi ndogo baruti ya kuwashia haiko katikati ya kitako cha ganda. Imepakwa ndani ya ukingo, na pini inaugonga ukingo ule, unabonyea, moto unatoka. Ndivyo zilivyo tangu zile fupi za Smith & Wesson za mwaka 1857, na hii Long Rifle ya 1887 haikubadilisha hilo. Ganda likishagongwa limekwisha, hulijazi tena. Mwenye bunduki kubwa anaweza kukaa mezani kwake akapima baruti chembe kwa chembe mpaka apate mchanganyiko unaopendwa na mtutu wake. Mwenye 22 hana nafasi hiyo. Unanunua boksi, unachukua ulichopewa. Na kila mtutu una chaguo lake: bunduki mbili za kiwanda kimoja, namba zinafuatana, moja inapenda risasi hii na nyingine inaikataa. Kwa hiyo unajaribu aina kadhaa, na ukiona inayokubali unatafuta maboksi mengi ya namba ileile ya toleo, kwa sababu toleo lijalo linaweza kuwa tofauti. Ukibadilisha aina, usipime zile za mwanzo. Zina nta yake juu ya risasi, acha kwanza ipake mtutu.

Na sisi huku tuna jambo letu. Risasi za kawaida za shabaha hutoka mtutuni kwa mita kama 325 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Zile za kasi, ambazo ndizo zinazopatikana kirahisi, hutoka kwa mita kama 380, juu ya sauti, halafu zikiwa njiani zinapungua na kuvuka kasi ya sauti kabla ya kufika mita 100. Hapo pa kuvuka risasi inatikiswa, na kundi la matundu linatawanyika. Ndiyo maana walengaji wanataka ya polepole. Ila kasi ya sauti yenyewe inafuata joto la hewa. Kwenye nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 5 ni kama 334. Asubuhi za Julai za Mufindi, ukungu umelala juu ya chai, ile nafasi kati ya risasi ya polepole na sauti inabaki nyembamba sana. Hakuna niliyemsoma aliyeandika kwa ajili ya asubuhi za Kibao. Hilo lazima tulipige wenyewe.

Na kupiga kwenyewe kuna uaminifu wake. Kundi moja zuri la risasi tano halisemi kitu, kila bunduki ina siku yake. Baadhi ya viwanda huweka ndani ya boksi karatasi ya majaribio yenye matundu, na watu huipiga picha kama cheti cha ubatizo. Mimi nataka makundi kadhaa ya tano tano kwa mita 50, yote yahesabiwe, hata lile baya. Unapima ukingo wa nje wa tundu la mbali hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali upande wa pili, unatoa upana wa risasi, milimita 5.7, halafu unachukua wastani. Duara la kumi kwenye shabaha ya mita 50 lina milimita 10.4 tu. Ukilijua hilo unaacha kudanganyana.

Jumatano jioni simu ikalia. Mama Mdogo. Nikajua ni habari ya mtoto, anataka kujua jina. Tukaongea jina, tukaongea maziwa ya mama, akanielekeza dawa ya tumbo la mtoto ambayo nilimwambia asimpe. Alipokuwa anataka kukata akasema, "Ngoja. Baba yako anasema pete za darubini yake zitaingia kwenye hiyo ya kwanza ya kwenye karatasi. Anasema hela ya darubini usiitumie, uiweke kwenye risasi."

Nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mzee amekaa na zile karatasi tangu Jumapili usiku, kavaa miwani, na ameandika vitu pembeni kwa kalamu nyekundu.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Jamani. Ile ya kwanza kwenye karatasi! CZ ina reli mbili zilizochongwa juu ya mwili wake, upana wa milimita 11, na BRNO yake imechongwa vilevile, kwa hiyo pete za mzee, zile za kushikia darubini ya kulengea, zitaukamata mwili wa mjukuu wake. Savage haina reli hizo, ina matundu ya skrubu ya kufungia vikalio vya darubini. Mtu hawezi kujua kwamba zitaingia kwenye ya kwanza mpaka awe amesoma mstari wa chini kabisa wa ukurasa wa kwanza, ambako niliandika habari za reli kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Aliusoma. Aliusoma mpaka mwisho.

Tangu hapo hesabu imekaa vizuri. Nachukua CZ, ile yenye kitako cha mti wa jozi na vilengeo vya chuma vya wazi. Tikka naiheshimu lakini haitanipa kitu ambacho hiyo hainipi. Savage ningeichukua bila kusita kama mzee asingekuwa na darubini, na dada yeyote atakayeniuliza mwenye hela pungufu ya yangu nitamwambia hivyo hivyo: chukua hiyo, tofauti ya bei weka kwenye risasi, urudi na makundi yako. Mtutu mrefu sikuutaka. Baruti ya risasi hizi inakuwa imeshafanya kazi yake ndani ya sentimita 40 na kitu, urefu wa ziada hauongezi kasi. Kitako cha mbao kitanipa kazi, hilo nalijua kwa sababu ya mkate wangu. Mbao iliyokauka Septemba inavimba masika, tunaipima yadini kila wiki, na mwili wa bunduki umefungwa kwenye mbao hiyo kwa skrubu mbili. Kila msimu ukigeuka nitazikagua kwa nguvu ileile. Wanaotaka plastiki wana sababu. Mimi nataka shavu langu lilale kwenye mti.

Jumamosi ijayo Baba Mdogo anakuja uwanja wa shabaha na BRNO yake, tutaanza nayo kabla ya yangu kufika, tuone risasi zipi zinapatikana na zinasemaje kwenye baridi. Nimenunua karatasi za shabaha na rula mpya ya chuma. Sijui nitamwambia nini nikimwona. Labda nisiseme kitu, nimpe tu kalamu nyekundu aandike yeye.

Ila bado naisikia ile sauti, umeniletea majina, na bado kuna sehemu inayochoma, hata sasa ninapojua. Angeweza kusema "nitazisoma." Ni neno moja tu.

Nimechelewa kulala na kesho asubuhi lazima niende bondeni. Mwenye kinyungu, kile kishamba cha bondeni tunachokodi, amenitumia ujumbe kwamba mwanawe amerudi kutoka Dar na huenda atakilima mwenyewe mwaka huu, huku mbegu za viazi nimeshanunua, ziko stoo, zimeanza kuchipua. Hajasema ndiyo wala hapana. Nikimpigia hapokei.